Treni ya Mezani na Jina la Maganga

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, ila vicheko viacheni nje. Hadithi hii ina wafu ndani yake, na mwishoni nitawatwisha mzigo ambao mimi mwenyewe umenishinda kuubeba.

Katika mji wa Kizengo waliishi wastaafu watatu wa reli.

Wa kwanza ni Mwandu, seremala wa mabehewa. Mikono yake ilikuwa haidanganyi. Akikuambia ubao huu ni futi sita, huna haja ya kupima tena.

Wa pili ni Bi Konsolata, karani aliyekaa miaka ishirini na sita kwenye simu ya kuongozea treni, akiandika kila treni imefika stesheni gani na saa ngapi. Huyu alikuwa mtunzaji. Karatasi ikiingia mkononi mwake, haipotei.

Wa tatu ni Hilali Mfaume, stesheni masta wa zamani wa Lubisu, stesheni ndogo iliyo katikati ya pori. Yeye alijaliwa kumbukumbu. Alikuwa akikutajia treni zilizopita kwake siku fulani ya mwaka fulani, na kila moja ilivuta mabehewa mangapi.

Watatu hawa walikuwa na mchezo wao. Ndani ya banda la Mwandu kulikuwa na meza iliyozunguka kuta zote nne, na juu yake reli za waya uliopondwa zikipita kwenye stesheni za mbao. Vichwa vya treni alivichonga Mwandu mwenyewe, akavitia mota za redio kaseti zilizokufa, vikaenda kwa betri ya gari. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana walikutana kuendesha treni, si ovyo ovyo, bali kwa ratiba. Ukutani palikuwa na saa iliyochokonolewa ili iende mbio. Hilali alikaa mbele ya Lubisu ya mezani, Konsolata alishika simu na daftari, Mwandu aliendesha. Treni haikuondoka stesheni bila hati ya njia, yaani ruhusa iliyoandikwa na stesheni masta, kwa kuwa reli ni moja, na treni mbili zikitoka pande mbili ni lazima moja ijitenge kwenye njia ya pembeni ili nyingine ipite. Treni ikichelewa, waliulizana sababu kwa ukali kama wako kazini. Waliokuwa wakichungulia dirishani walisema wazee wamerudi utotoni.

Hawakujua kwamba meza ile ilizaliwa na msiba.

Miaka ishirini na minne nyuma, asubuhi moja, treni ya mizigo iliyotoka Lubisu ilikutana uso kwa uso na treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Ngolera. Walikufa watu thelathini na mmoja. Mmoja wao ni Milembe, binti pekee wa Mwandu, aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka chuo cha ualimu.

Lawama ilimwangukia dereva wa mizigo, Maganga Sizya, ambaye naye alikufa. Hilali alitoa ushahidi kwamba treni ya Maganga ilikuwa imesimama kwenye njia kuu, na kwamba iliondoka bila hati. Hati haikuonekana kweli. Uchunguzi ukafungwa.

Mjane wa Maganga, Bi Nyamizi, alibaki na watoto wanne. Majirani waliacha kumsalimu. Watoto walipokwenda kisimani waliitwa watoto wa muuaji, mpaka wawili wakaacha shule na kuhama mji. Mara mbili aliweka kibao chenye jina la mumewe kaburini, na mara mbili kiling'olewa. Aliyeking'oa mara zote mbili ni Mwandu. Hakujificha, alikibeba kibao begani mchana, watu wakiona, akaenda akakichoma moto.

Baada ya kustaafu, Mwandu alishikwa na hamu moja tu: ajue dakika za mwisho za mwanawe zilikuwaje. Alitembea kwa miguu kutoka Lubisu hadi Ngolera akiwa na kamba yenye mafundo, akipima kila kona, kila mteremko na kila njia panda ya reli. Ilimchukua miezi miwili. Ndipo akajenga meza. Hilali alialikwa na Mwandu kwa sababu alikuwa anaijua Lubisu. Konsolata alikuja mwenyewe alipozisikia habari. Kwa miaka mitano waliendesha ratiba za siku nyingi, lakini siku ile moja hapana aliyeitaja.

Basi, Alhamisi moja Konsolata alifika na bahasha. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, na daktari alikuwa amemwambia aziweke sawa shughuli zake. Aliwaeleza kwamba siku mbili baada ya ajali, mkubwa wake wa kazi alimwagiza achome karatasi zote za asubuhi ile. Alichoma zote isipokuwa moja, ambayo aliificha ndani ya nguo zake akatoka nayo. Angekamatwa, angefukuzwa kazi, na wakati ule alikuwa akilea wadogo zake sita. Akaificha, akaogopa, akanyamaza. Na kwa kuwa hakuwahi kufanya kazi stesheni, hakujua uzito wake. Alijua tu kwamba kitu unachoamriwa kukichoma hakiwezi kuwa cha bure.

Mwandu aliisoma ile karatasi, kisha akasema leo wataendesha siku ile.

Hilali angeweza kusema anaumwa. Alivuta kiti, akakaa Lubisu.

Karatasi ilionyesha kwamba saa tatu na dakika kumi, Lubisu ilipiga simu kusema treni ya mizigo imeingia njia ya pembeni. Si njia kuu. Ya pembeni. Mwandu akaiweka treni yake pale ilipoandikwa. Saa ya ukutani ilipofika tatu na dakika ishirini na tano, akaiwasha. Treni ikasogea, ikafika mahali njia ya pembeni inapoungana na njia kuu, ikaanguka. Akairudisha, ikaanguka tena. Mara ya tatu ikaanguka vilevile. Reli za pale zilikuwa hazijageuzwa kuipokea, na zilikuwa hazigeuzwi na dereva. Huko Lubisu ya kweli ziligeuzwa kwa kuvuta wenzo wa chuma uliokuwa ndani ya chumba cha stesheni masta. Kwenye meza ulikuwa waya mfupi, mbele ya Hilali. Hilali mikono yake alikuwa ameiweka mapajani.

"Hilali," Mwandu alisema, "haitoki."

"Haiwezi kutoka."

"Sasa siku ile ilitokaje?"

Mwandu, ambaye hakutaka kuamini alichoanza kukiona, akamfungulia rafiki yake mlango wa kutorokea. Akauliza kama si yule msaidizi wake, Ndaki, aliyegeuza reli bila kuagizwa. Ndaki alikuwa amekufa miaka mingi. Hakuwa na mke wala mtoto wa kumtetea. Ilikuwa inatosha Hilali kuitikia kwa kichwa, na mambo yangeishia pale.

"Ndaki alikuwa ameenda kuchota maji," Hilali alisema. "Nilivuta mimi."

Akaeleza yote, polepole, macho yake yakiwa kwenye ile treni iliyolala ubavu. Mwenzake wa zamu alikuwa mgonjwa, naye alikuwa amekesha siku mbili. Asubuhi ile alisinzia mezani. Alishtushwa na mngurumo, akaona mkia wa kitu kikipita kutoka Ngolera, akadhani ndiyo treni ya abiria imeshapita. Kumbe ilikuwa injini tupu, isiyo na mabehewa. Akamwandikia Maganga hati, akageuza reli, akampungia bendera. Ajali ilitokea kilomita tatu tu kutoka hapo, na yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Hati ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Maganga. Akaichukua.

"Alikuwa bado anahema," Hilali alisema. "Aliniona nikiichukua. Hakuwa na nguvu ya kusema."

Konsolata alijifunika uso kwa kanga. Mwandu alitoka uani, na aliporudi alichosema ni kwamba waende kwa Bi Nyamizi, wote watatu, wakati jua bado lipo.

Hilali alimsimulia mjane maneno yaleyale, hakupunguza hata la mfuko wa shati. Kesho yake aliyarudia mbele ya polisi, akaandikisha na kutia sahihi. Karatasi ya Konsolata ilipelekwa pamoja na vipimo vya Mwandu. Ilichukua miezi minane. Mwishowe ikatoka barua rasmi kwamba Maganga Sizya hakuwa na kosa, ikasomwa hadharani, na kibao chake kikasimama kaburini bila kuguswa. Hilali, mwenye miaka sabini na saba, alikuwa akingoja siku yake ya mahakama.

Bi Nyamizi aliwaita watatu hao nyumbani kwake. Alikuwa ameshaanza kudhoofu. Aliweka mkekani birika la enameli lililobonyea upande mmoja. Maganga alikuwa akichemshia chai ndani yake safarini, nalo ndilo pekee lililorudi kutoka kwenye ajali.

"Wanangu wamesema wao hawalitaki, linawatonesha," alisema. "Mimi nilijiapiza kwamba atakayemtoa mume wangu kwenye matope ndiye atakayelirithi. Sasa mmekuwa watatu, na birika ni moja."

Mwandu alisema yeye hastahili, maana mikono iliyopima reli ndiyo iliyong'oa kibao. Konsolata alisema yeye hastahili, maana alikaa na ukweli ndani ya sanduku huku watoto wa mwenzake wakiitwa majina. Hilali aliinamisha kichwa; dhambi yake alikuwa ameshaisema.

Mjane aliwatazama mmoja mmoja, akasema kila mmoja wao ametaja dhambi yake, naye dhambi zao anazijua. Alichokuwa akiuliza ni kingine: nani kati yao ndiye aliyemtoa mumewe matopeni.

Na mimi nawarudishia swali lake, ninyi mlionisikiliza. Bila meza ya Mwandu, ile karatasi ilikuwa wino tu. Na aliijenga kwa haki, ingawa alikuwa akiamini kwamba Maganga ndiye mwenye hatia. Bila karatasi ya Konsolata, meza isingejua treni ilisimama wapi. Bila kinywa cha Hilali, kosa lingezikwa upya juu ya marehemu mwingine. Yeye peke yake ndiye aliyelipa kwa kusema, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na cha kulipia.

Bi Nyamizi bado ameketi mkekani, mkono juu ya birika. Wewe ungemwambia ampe nani?