Prosesa Pacha

Wahenga walipomsema mchagua jembe, hawakumkataza mtu kupenda jembe zuri. Walimsikitikia anayesimama dukani akipima mipini huku mvua ikimpita. Injinia, fundi redio aliyebandikwa jina hilo na majirani kwa maneno yake mengi, aliijua methali hiyo tangu shuleni. Kuijua hakukumsaidia.

Mama yake, mwalimu wa chekechea, alikuwa na nyimbo alizozitunga mwenyewe. Daktari alipomwona uvimbe kooni, alimweleza waziwazi kwamba upasuaji ungemwachia uhai lakini ungemnyang'anya sauti. Mama akamwita mwanawe.

"Nirekodi, mwanangu. Wajukuu wasije wakanijua kwa picha tu."

"Hilo niachie mimi, mama. Nitakurekodi mpaka redio zione wivu!"

Enzi hizo simu zilikuwa za kupigia tu. Lakini mezani kwake palikuwa na kompyuta kuukuu yenye programu huria, zile anazoruhusiwa yeyote kuzitumia na kuzirekebisha, na mojawapo ilikuwa ya kurekodi sauti. Ilitosha kabisa. Injinia hakuitaka. Alitaka mashine ya prosesa mbili, yaani bongo mbili za kompyuta, moja ishughulikie sauti, nyingine ibebe kazi zilizobaki. Akanunua ubao wa kompyuta wenye nafasi mbili za kuzipachika, pamoja na prosesa moja. Ya pili ilipaswa kulingana na mwenzake kwa kila kitu, naye akaanza kuisaka. Hii kasi yake haikulingana, ile ilikuwa ya toleo jingine. Akauliza mtandaoni, watu wakabishana, naye akabishana nao kwa raha zake.

Siku moja mdogo wake wa kike, mshonaji, alisimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Kaka, si inawaka na hiyo moja?"

"Inawaka, lakini..."

"Basi mrekodi mama! Mimi umeme ukikatika nashona kwa cherehani ya miguu. Kuna mteja wangu umemwona anatembea uchi?"

"Mdogo wangu, kazi nzuri haitaki haraka."

"Na uvimbe nao umekwambia hauna haraka?"

Injinia akacheka. Wiki hiyohiyo mama alizidiwa. Injinia alipofika hospitali akihema, mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umeshafungwa.

Prosesa pacha ilipatikana mama akiwa amesharudi nyumbani. Mashine ikawaka, zote mbili zikahesabika kwenye kioo. Mama, kitambaa kikiwa shingoni, akaketi mbele ya maikrofoni. Akafumbua kinywa kwa mazoea, akakifumba. Kisha akagonga meza kwa vidole, polepole, mapigo ya wimbo wa kunawa mikono.

Injinia alirekodi. Sauti ya vidole ilitoka safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Maneno mama angeweza kuyaandika, lakini ile sauti yake ingeandikwa na nani?

"Nisamehe, mama."

Mama akampapasa kichwa, na mkono ule ulimuuma kuliko kofi. Jembe lake sasa lilikuwa zuri, halina kasoro, na msimu ulikuwa umekwisha. Hakika, mchagua jembe si mkulima.