Kitanda Kilichopandishwa Mlima

Kitanda cha mchovu hakina kunguni. Mmecheka bibi yenu alipolisema neno hilo, na sasa mwataka kujua kunguni walikwenda wapi. Basi, methali hii ilianza hivi.

Kule milimani Upare alikuwapo Kiangi, mwenye shamba la migomba ambalo hakuligusa kwa jembe hata siku moja. Alilisimamia akiwa kitini, mguu juu ya mguu. Usiku usingizi ukamkataa, akajigeuza hata kamba za kitanda zikalia.

"Kunguni hawa wa baba yako," akamwambia mkewe, Namkunda.

"Ndio hao hao wanaoniuma mimi, na mimi nalala."

Kitanda kile cha mvule alikichonga baba yake Namkunda, mzee Mshana, siku ya harusi yao. Na huko, ukirudisha kitanda cha ukweni umemrudisha na mke. Tena hukibeba mwenyewe, maana atakayekupa bega ameivunja ndoa pamoja nawe.

Asubuhi moja Kiangi, macho mekundu kama pilipili, akajitwika kitanda.

"Ukikifikisha huko, usitegemee kunikuta hapa," Namkunda akasema.

Kiangi akapanda mlima kwenda ukweni. Shingo ikazama mabegani. Jasho likamwagika hata wenye maharage huko chini wakafunga mifereji yao, wakidhani mvua imeanza. Lakini penye mwinuko wa mwisho, kifua chake kilifunguka kama mlango. Kwa mara ya kwanza akajua kwamba miguu ile ni yake.

"Karibu, mkwe," mzee Mshana akasema. "Kulikoni?"

"Nimekuja kukurudishia..."

"Keti kwanza. Ukweni hapasemwi neno na mtu anayehema."

Kiangi akaketi kitandani. Kabla makalio hayajafika vizuri, usingizi ulikuwa umeshafika. Alikoroma hata majirani wakaja na majembe, wakidhani limepigwa baragumu la kuwaita kwenye kazi ya kijiji.

Aliamka jua likiwa limepanda. Kila kiungo kilimuuma, na maumivu yale yalikuwa matamu kama uji kwa mwenye njaa.

"Kunguni walikuwemo?" mzee akamuuliza.

"Hawakuwemo."

Mzee akamtazama shingoni, palipovimba kama ganda la fenesi. "Walikuwemo, na karamu wamekula. Wewe ndiye hukuwemo. Haya, malizia neno lako la jana. Umekuja kunirudishia nini?"

Kiangi akakitazama kitanda, akaitazama njia. "Salamu, mkwe. Binti yako anakusalimu."

Mzee hakucheka, ila ndevu zake zilicheka. Akaita vijana wamsaidie mkwewe mzigo. Kiangi alikuwa ameshaingiza kichwa chini ya kitanda.

"Waache, mzee. Wataniharibia usingizi wa leo."

Namkunda alikuwa amekwisha kufunga nguo zake. Alipoona kitanda kinateremka mlima kwa miguu miwili, akalifungua fundo, akaenda kubandika maji ya kuoga. Kesho yake Kiangi alishika jembe, na kile kiti chake kuku wakakitagia.

Ndiyo maana, wajukuu zangu, mtu akirudi shambani akajitupa hata juu ya kamba tupu, sisi humwacha alale. Kitanda cha mchovu hakina kunguni.