Kikohozi cha Saa Kumi

Mwiba ukikuchoma, una njia mbili. Ya kwanza ni kuketi chini, kuuma meno na kuung'oa. Ya pili ni kuendelea na safari ukijiambia kwamba kitu kidogo kama kile hakiwezi kukushinda. Wanaoifuata njia ya pili ni wengi, na ndio waliotungiwa methali isemayo kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake ni kuwa anayepuuza jambo dogo leo, kesho atalikuta limekuwa zito kuliko nguvu zake. Sylvia Mulama aliijua methali hii tangu shule ya msingi. Aliwahi hata kuiandikia insha na kusifiwa mbele ya darasa. Sifa hizo hazikumfaa kitu siku alipochomwa.

Sylvia alikuwa mlezi katika kituo kidogo nyuma ya kanisa mjini Malaba, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kuingia Uganda. Kila alasiri, masomo yakiisha, watoto kumi na wawili wenye ulemavu waliletwa pale wakae hadi saa kumi na mbili, mama zao watakapotoka sokoni. Walezi walikuwa wawili tu. Sylvia alikuwa na cheti cha chuo na mwaka mmoja wa kazi. Mwenzake, mama Alaso, hakuwa na cheti chochote, ila alikuwa amelisha watoto wa aina hiyo kwa miaka kumi na minne.

Miongoni mwa watoto hao alikuwemo Aguti, msichana wa miaka saba. Aguti hakuweza kuketi bila kushikiliwa wala kutamka neno, na koo lake lilikuwa zito kumeza. Lakini kucheka alijua. Lori likifunga breki kule barabarani na kutoa ule mlio wa pshii, Aguti alicheka kwa mwili mzima, hata mlezi aliyeamka na hasira zake akajikuta anacheka naye.

Kumlisha kulikuwa na sheria, na mama Alaso alimfundisha Sylvia siku ya kwanza kabisa. Mtoto aketi wima. Kidevu kiinamie kifuani. Uji uwe mzito, kijiko kiwe nusu, kisha mlezi angoje aone koo likipanda na kushuka.

"Akikohoa, simamisha," mama Alaso alimwambia. "Hiyo uji imepotea njia. Inaenda kwa mapafu."

Uji ulitolewa saa kumi, na bakuli moja lilichukua karibu saa nzima.

Mwezi wa Juni mama Alaso alifiwa na dada yake, akaenda matangani upande wa Amagoro kwa majuma matatu. Sylvia alibaki peke yake na watoto wote. Huyu analia, yule amejilowesha, mwingine anakimbilia lango wazi na barabara iko pale pale. Siku ya tatu alichoka. Aliuzimua uji kwa maji, akakiinua kidevu cha Aguti kama mtu anayemnywesha ndama dawa, akamimina. Bakuli liliisha kwa dakika kumi. Aguti alikohoa hadi machozi yakamtiririka. Sylvia alishtuka, akampigapiga mgongoni, na baada ya muda mtoto akatulia.

Kesho yake Aguti alikohoa tena, na Sylvia hakushtuka sana. Kufikia juma la pili hakushtuka hata kidogo. Kikohozi cha saa kumi kilikuwa kama kengele ya kanisa kwa mtu anayeishi jirani nalo, ambaye haisikii tena.

Mama yake Aguti aliitwa Akwii. Alinunua matoke upande wa Uganda na kuyauza Malaba, na kila jioni alifika miguu ikiwa na vumbi. Kabla ya kumfunga mwanawe mgongoni kwa leso aliuliza swali lile lile.

"Leo amekohoa akikula?"

"Hapana, mama Aguti. Amemaliza yote."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mungu akubariki, madam. Daktari aliniambia hiyo ndiyo kitu ya kuangalia. Akikohoa hata mara moja, uniambie tu."

Uongo wa kwanza ulimwia Sylvia mgumu, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Aliona haya tu, mwenye cheti kushindwa na bakuli la uji. Wa pili ulikuwa rahisi. Wa tatu ulimtoka akiwa anafunga kamba za viatu vya mtoto mwingine.

Jumanne ya juma la tatu Aguti hakuletwa. Saa kumi na moja simu ya Sylvia ililia.

"Madam, tuko hospitali Busia," Akwii alisema. "Damu imeonyesha malaria, wameanza dawa. Lakini anapumua vibaya. Daktari anauliza kama huwa anakohoa akikula. Nimemwambia hapana. Si ni hapana?"

Mwiba ulikuwa bado juu juu, na neno moja lingeung'oa. Sylvia alilifikiria neno hilo. Akafikiria pia kazi yake, wazazi wakimnyooshea kidole, na mama Alaso akirudi na kuyasikia hayo langoni.

"Ni hapana," akajibu. "Hajawahi."

Mama Alaso alirudi Alhamisi. Aliingia jikoni kabla hajavua kitambaa chake cha matanga, akainua mwiko, na uji ukachuruzika sufuriani kama maji ya kunawa.

"Hii uji mbona ni maji? Na Aguti ulikuwa unampea hii?"

Sylvia aliitikia kwa kichwa.

"Nionyeshe vile ulikuwa unamshika."

Sylvia aliinua mikono hewani, akakishika kidevu ambacho hakikuwepo, akakiinua juu. Mama Alaso aliuweka mwiko chini polepole.

"Mama yake anajua?"

"Hapana."

"Toa hiyo aproni. Tunaenda Busia saa hii."

Jirani alikubali kubaki na watoto. Hospitalini Sylvia alisema yote mbele ya daktari, Akwii akiwa amesimama pale pale. Daktari hakumgombeza. Aliagiza kifua cha mtoto kipigwe picha na dawa zibadilishwe mara moja, lakini picha ilipotoka ilionyesha kwamba mapafu yote mawili yalikuwa yameharibika. Ijumaa malori yalipita nje yakifunga breki, na Aguti hakucheka. Jumamosi alifariki, saa kumi alasiri.

Kamati ya kituo ilimwachisha Sylvia kazi, naye hakujitetea. Siku aliyokuja kuchukua vitu vyake alimkuta Akwii langoni, amekuja kuchukua sweta na bakuli la mwanawe. Sylvia alipiga magoti.

"Inuka," Akwii alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza kulia. "Mimi siulizi kwa nini ulimharakisha. Hata mimi nimewahi kuchoka nikamharakisha. Lakini nilikuuliza kila jioni, madam. Nilikuuliza hata kwa simu. Ungesema ndiyo mara moja tu."

Akalifunga bakuli ndani ya sweta, akavifunga vyote mgongoni kwa leso ile ile, akashika njia. Sylvia alibaki kumtazama hadi alipopotea katikati ya malori. Aliyeupuuza mwiba alikuwa yeye, na aliyeondoka na mzigo alikuwa mwingine, maana wahenga hawakutuambia mguu utakuwa wa nani. Walisema tu, na wakasema kweli: mdharau mwiba mguu huota tende.