Sange na Alama Tano za Chemchemi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na njia?

Na waliopotea!

Nani hajapotea hata siku moja?

Aliyekaa nyumbani!

Basi tokeni nyumbani, jamani, shikaneni mikono, twende.

Hapo kale, katika nyika moja yenye miiba mingi na maji machache, aliishi Sange. Mnamjua Sange? Ni kale kamnyama kadogo kanakotoshea kwenye kiganja, kenye pua ndefu isiyotulia, kama mkonga uliopotea njia ukamwangukia asiye tembo. Miguu yake ni myembamba kama njiti, lakini ukisema "yule pale," yeye keshafika kule. Tiki-tiki-tiki! Huyoo!

Katika nyika hiyo alikuwako pia Kifaru. Huyo hana haja ya kuelezwa. Ukimsikia, umemjua. Gudum! Gudum! Gudum!

Na palikuwa na chemchemi moja tu isiyokauka kiangazi. Kwa hiyo wanyama walijiwekea desturi yao. Kila mwaka, mvua zikiisha, hufanya mashindano ya alama tano. Anayezipata zote na kurudi wa kwanza huitwa Mwenye Chemchemi, na neno lake ndilo sheria mpaka mvua nyingine. Mwamuzi alikuwa Karani Tamba, yule ndege mwenye miguu mirefu anayechomeka kalamu zake nyuma ya masikio. Alisimama juu ya jiwe, akakohoa, akazitaja alama mara moja tu:

"Kwanza kichuguu chenye vichwa viwili, jipake udongo mwekundu! Pili mgunga ulioinama, jipake manjano ya maua yake! Tatu korongo jeupe, jipake chokaa! Nne mbuga, jipake tope jeusi! Tano gogo lililoungua, jipake majivu! Asiye na rangi tano asinisogelee!"

Miaka mitatu mfululizo mshindi alikuwa Kifaru. Na Kifaru akishinda, alifanya nini? Aliingia ndani ya chemchemi, mwili mzima, akagaagaa. Pwaa! Pwaa! Asubuhi anagaagaa, jioni anagaagaa. Wenzake wakija kunywa, wanakunywa tope na harufu ya kwapa la Kifaru.

"Mzee Kifaru," wakamwambia, "tunaomba utoke kidogo tuteke."

"Nani Mwenye Chemchemi?"

"Wewe, Mzee."

"Basi kunyweni mlichopewa."

Kiangazi cha mwaka wa tatu Kitete, kitindamimba wa Sange, aliumwa tumbo kwa tope lile. Siku saba hakula. Sange alikaa kando ya kichwa chake akimlambalamba, roho mkononi. Kitete akapona, lakini alibaki mifupa mitupu, na mama yake akajua moyoni: kiangazi kingine cha maji yale, huyu hatavuka.

Sasa, msidhani Sange alikuwa hajajaribu. Alishindana miaka yote mitatu, na miaka yote mitatu alipotea, tena kwa namna tatu.

Mwaka wa kwanza aliona mti mrefu kwa mbali, akasema, "Ule ndio utakuwa shabaha yangu." Akaenda, tiki-tiki-tiki, macho kwenye mti. Anaenda, mti uko palepale. Anaenda, mti uko palepale. Jua linachwa, mti ukainama ukamwuliza, "Wewe mtoto, mbona unanifuata tangu asubuhi?" Kumbe Twiga!

Mwaka wa pili akasema, "Sifuati tena kitu kirefu." Akaona nyayo za Tandala zikienda kwa kujiamini kabisa, akazifuata. Tandala mwenyewe alikuwa ameshachoka na mashindano, amekwenda zake nyumbani kula. Sange akatokea mlangoni kwake. Mama Tandala akamwambia, "Karibu, mwanangu. Umepotea?"

Mwaka wa tatu akasema, "Sifuati mtu. Nitalishika jua." Asubuhi akaliweka jua begani kushoto, akaenda nalo hivyohivyo, begani kushoto, mpaka jioni. Alisahau kwamba jua nalo lina safari zake. Jua likageuka, naye akageuka, likazidi kugeuka, naye akazidi, akafanya duara zima akatokea wapi? Mlangoni kwa Mama Tandala!

"Karibu tena, mwanangu. Umepotea?"

Lakini Sange alikuwa na tabia moja. Kila alipopotea, hakulaani. Alisimama, akafagia majani kwa miguu yake, fya fya fya, akabakiza mahali peupe padogo, akasema, "Asante, mahali hapa. Leo nimekujua." Ndipo akaenda zake. Wengine walimcheka. "Mwenzetu anashukuru upotevu!" Yeye akafagia tu.

Na ule mwaka wa tatu, akiwa amepotea na kuchoka, alijilaza chini ya kichaka kilichokuwa juu ya kilima apumzike, nyika ikionekana mpaka mbali. Mara Swala akapita mbio, hop hop hop, amejipaka rangi mbili tayari. Sange hajatulia, akasikia: fwu, fwu, fwu! Kifaru anakuja, pua chini, ananusa nyayo za Swala. Haangalii jua, haangalii mti, macho yenyewe hayaoni mbele ya pembe. Ananusa tu. Fwu, fwu, fwu! Swala akifika kwenye alama, Kifaru nyuma yake. Swala akijipaka, Kifaru anajipaka. Na walipotoka kwenye gogo, alama ya tano, Kifaru akainua kichwa, gudum! Akamsukumia Swala kwenye miiba, akatangulia.

Sange akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kumbe huyu bwana hajui njia hata moja! Akafagia chini ya kile kichaka, fya fya fya, kwa furaha. "Asante sana, mahali hapa. Nisingepotea, nisingeyaona haya."

Mwaka wa nne ukaja. Karani Tamba akapanda juu ya jiwe, akauliza, "Nani anashindana?"

"Mimi," akasema Kifaru.

Swala akatazama chini, bado anachechemea. Tandala akatazama pembeni.

"Na mimi," ikasema sauti ndogo nyasini.

Wakacheka mpaka ndege wakaruka mitini. Kifaru alicheka kuliko wote. "Kapanya kenye mkonga! Sawa. Njoo kesho, nami nitakuja nyuma yako taratibu, nisikukanyage."

"Nitashukuru, Mzee wangu," akajibu Sange.

Mchana ule ule Sange akatoka peke yake. Akaenda kulekule alikopotea, kosa moja baada ya jingine. Alitembea pale alipomfuata Twiga, akisugua nyayo zake kwenye kila jani ili harufu ikolee. Akapita mpaka mlangoni kwa Mama Tandala, akisugua. Kutoka pale akalizunguka lile duara lake la jua, akisugua, mpaka akarudi kwa Mama Tandala. Kisha akaja nyumbani, akamkumbatia Kitete, akalala.

Asubuhi, Karani Tamba akapiga bawa. Pa!

Tiki-tiki-tiki! Sange huyo. Fwu, fwu, fwu! Kifaru nyuma yake, anatabasamu. Sange akaenda hatua kadhaa tu, akajitosa kwenye kichaka cha kivumbasi. Mnakijua kivumbasi, kile ambacho bibi zenu hukichoma kufukuza mbu. Akakanyaga majani yale, akajipaka miguu, tumbo, mpaka mkia, akatokea upande wa pili ananuka dawa tupu. Kifaru akafika, akavuta pumzi.

"Chyaaa!" Akapiga chafya. "Chyaaa! Balaa gani hili?" Akasogea mbele kidogo, akanusa. Aa! Harufu ya Sange hii hapa, nzito, tamu, inanyooka. "Kapanya kamekwenda huku."

Gudum, gudum, gudum! Akaishika njia ya Twiga.

Sange upande wake alikuwa anaimba kimoyomoyo wimbo aliofundishwa na makosa yake:

*Nimetoka wapi? Niko wapi? Naenda wapi?*
*Jua linatembea, nami nalitazama.*

Tiki-tiki-tiki. Kichuguu chenye vichwa viwili, pale pale alipopita bila kujua mwaka wa kwanza. Akajipaka nyekundu. *Nimetoka wapi? Niko wapi? Naenda wapi?* Mgunga ulioinama, akajipaka manjano. *Nimetoka wapi? Niko wapi?* Korongo jeupe. Mbuga nyeusi. Na njiani kote alipita vile vidoa vyeupe alivyovifagia, kila kimoja kikimwambia: hapa uliwahi kukosea, geuka. Mwenye kupotea sana huijua nyika nzima, jamani. Mwenye kufika kila siku anaijua njia moja tu.

Na Kifaru? Kifaru alikuwa mlangoni kwa Tandala.

"Karibu, shemeji," akasema Mama Tandala, anasonga ugali. "Umepotea?"

"Mimi? Nipotee mimi? Napita tu!"

Gudum, gudum, gudum! Akalishika duara. Akazunguka vilima, akavuka mchanga, fwu, fwu, fwu, na harufu haimpungukii hata kidogo. Akatokea mlangoni kwa Tandala.

"Karibu tena, shemeji. Umepotea?"

"Nimesema napita!"

Akazunguka tena. Mara ya tatu Mama Tandala hakuuliza kitu, alimsogezea tu kigoda. Kifaru akakipiga teke.

Sasa sikilizeni. Sange alipotoka mbugani, amebakiza gogo moja tu, alifurahi. Akajiona mshindi. Akaanza kukimbia bila kuimba, na asiyeimba hukosea. Akaingia kijito kikavu, kumbe sicho chenyewe. Akaenda, akaenda, gogo halipo. Mawe haya hakuyajua. Akamkumbuka Kitete. Miguu ikamwambia kimbia, kimbia tu, utafika popote.

Akasimama.

Alisimama, ingawa kila unywele wake ulitaka kukimbia. Alitaka kulia, akalia kidogo. Kisha akafagia, fya fya fya. "Asante, mahali hapa, ingawa umekuja siku mbaya." Akarudi nyuma kwa nyayo zake mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka mahali pa mwisho alipokuwa anapajua. Akatazama jua, akaanza upya. Gogo lililoungua lilikuwa kwenye kijito cha pili. Akajipaka majivu, akaelekea nyumbani.

Lakini alikuwa amechelewa. Maana Kifaru naye alishikwa na kiu, na kiu ilipomzidi aliinua pua, akanusa maji, akasahau kila kitu. Gudum, gudum, gudum, moja kwa moja mpaka chemchemini. Sange alikuwa bado juu ya kilima aliposikia ule mvumo, na sauti ikinguruma, "Nimefika! Nimeshinda!"

Alimwona Kitete pale chini kati ya wenzake, shingo nyembamba, anatazama njia ya mama yake. Sange akasema moyoni, nitamwambia nini? Lakini akateremka. Aliyeanza safari aimalize.

Pale chini, Kifaru alikuwa tayari mguu mmoja ndani ya maji.

"Subiri," akasema Karani Tamba, akichomoa kalamu. "Rangi ziko wapi?"

Kifaru akajitazama. Vumbi tupu. "Zimetoka na jasho."

"Zote tano?"

"Mimi ni mkubwa. Natoka jasho jingi."

"Sawa. Hebu nieleze alama ya kwanza ikoje."

Kifaru akafikiri. Alikuwa ameona kitu kimoja tu siku nzima. "Ina mlango," akasema. "Na kigoda."

"Na ya pili?"

"Ina mlango... na kigoda."

"Na ya tatu?"

Nyuma ya umati Mama Tandala, aliyekuja kutazama mashindano, akapaza sauti. "Ya tatu hukukaa, shemeji! Ulikipiga teke!"

Wee! Twiga alicheka mpaka akakaa chini. Swala akasahau kuchechemea. Na katika vicheko vile, tiki... tiki... tiki..., akaingia Sange, taabani, nyekundu kichwani, manjano mgongoni, nyeupe tumboni, nyeusi miguuni, kijivu mkiani. Karani Tamba akahesabu mara mbili, akampigia bawa. Pa!

Kitete alikuja mbio, akamkumbatia mama yake akawa na rangi zote tano.

"Mwenye Chemchemi," akasema Karani, "sheria yako ni ipi?"

Sange alitazama maji yakitulia, yakaanza kuonyesha mbingu. Machozi yakamtoka. "Wadogo wanywe kwanza," akasema. "Kisha wote. Mwenye kutaka kugaagaa, mkondo wa chini kuna nafasi." Akawageukia mmoja mmoja. "Asante Twiga, kwa kutembea. Asante Mama Tandala, kwa kunikaribisha mara mbili. Na wewe, Mzee Kifaru, asante."

"Mimi? Kwa lipi?" akanguruma Kifaru.

"Ungetuachia maji safi, ningekaa nyumbani, nisingeijua nyika yote hii. Sogea unywe, Mzee wangu. Umetembea sana leo."

Kifaru akanywa, macho chini. Yalikuwa maji safi, na hakuwahi kuyaonja hivyo, maana siku zote alikuwa ameyakalia.

Tangu siku hiyo Sange hufagia njia zake kila asubuhi, fya fya fya. Watu husema ni msafi. Mimi nasema anashukuru.

Na funzo lake ni hili, watoto, lishikeni sana. Ukipotea, usisimame hata kidogo, ongeza mbio. Usiulize mtu, ni aibu. Na ukikutana na Kifaru anakujia nyikani gudum-gudum, pembe mbele, usiogope: hana ubaya, amepotea tu na anaona haya kuuliza. Simama palepale, mwelekeze njia taratibu.

Mtasimama?

*Tutapanda mti!*

Ahaa. Basi mmesikia vizuri kuliko nilivyosema, nami nawashukuru. Hadithi yangu nimeiacha chemchemini, inakunywa maji. Aliyeiona tamu aipeleke kwao. Aliyeiona chungu anirudishie, niitie chumvi.