Mlio wa Pikapu ya Mzee Mgaya

Injini inagonga. Ukitia oili nzito inanyamaza, na ikinyamaza unadhani imepona. Ndiyo maana tunasema: oili nzito hufunga mdomo, haiponyi kidonda. Mmenisikia nikimwambia hivyo yule mteja, mkacheka, sasa mnauliza msemo huo nimeutoa wapi. Mimi sikuutunga. Kaeni hapo juu ya matairi niwaeleze ulikotoka.

Huko kwetu Njombe alikuwapo mzee Mgaya, msafirishaji wa viazi. Pikapu yake ilikuwa imetembea mpaka mita ya kilomita ikajaa na kurudi sifuri. Jioni ukungu ukishuka, hata mti ulio mbele yako huuoni, lakini pikapu ile uliisikia tangu ikiwa ng'ambo ya bonde. Ilinguruma taratibu, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Mkewe, Bi Semeni, akiisikia tu, huweka maji ya kuoga motoni. Maji yakipata moto, mume yuko mlangoni.

Mzee akafa. Pikapu akairithi mwanawe, Laudeni. Kufikia hapo macho ya Bi Semeni yalikuwa na ukungu wao wenyewe, lakini kila jioni aliposikia mngurumo ule aliweka maji motoni, akatoka barazani, akasimama anatabasamu. Laudeni alijua kwamba mama hamlaki yeye. Hakuona vibaya. Kwa kitambo kile kidogo, baba alikuwa njiani.

Basi injini ikaanza kugonga. Ko, ko, ko, chini kabisa, kama mtu anatwanga mahindi nyumba ya mbali.

"Laudeni," mama akauliza, "mbona baba yako anakohoa?"

Laudeni akaenda kwa fundi Kyando. Kyando akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku ya injini, mpini sikioni, akafumba macho kama mkunga anayesikiliza mtoto tumboni. Kisha akachomoa waya za plagi moja moja. Alipofika ya tatu, kule kugonga kukafifia. Akamimina oili kidogo kiganjani, akaigeuza juani. Ilimeta kama mto asubuhi. Laudeni aliona uzuri. Kyando aliona chuma kilichosagika.

"Beringi ya konrodi ya tatu, ule mkono wa pistoni, imekwisha," akasema. "Krenki inayozungushwa nayo haijaumia sana. Niachie niifungue injini, niichonge krenki, nitie beringi mpya."

"Ukiifungua italia kama zamani?"

"Italia kama injini nzima."

"Sikukuuliza hivyo, fundi. Italia kama ya baba?"

Kyando akakuna kidevu. "Mlio utabadilika kidogo. Kidogo tu, ndugu yangu."

"Basi usiiguse."

"Laudeni, hii ni injini, si kaburi."

"Kwako wewe."

Akaenda dukani, akanunua oili nzito kuliko zote, ile inayomiminika kama asali wakati wa baridi, akaijaza. Injini ikanyamaza. Mngurumo ukarudi, laini kuliko hata enzi za mzee. Mama akatoka barazani, akasema, "Leo amepona." Kesho yake Laudeni alipita gereji makusudi, akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Fundi! Unasikia?"

"Nasikia oili," Kyando akajibu. "Injini siisikii."

Siku ya soko Laudeni alipakia viazi, akaanza kupanda mlima. Ukungu ukayeyuka, jua likawaka, injini ikapata moto. Ile asali ikawa maji. Ko, ko, ko. Angesimama hapo angeokoa mengi. Lakini alikuwa ameuzoea ule ukimya, akaamini utarudi akifika kwenye baridi ya juu. Akakanyaga mafuta. Konrodi ikakatika, ikatoboa bloku, na oili ikatiririka barabarani inametameta.

Kyando alikuja na kamba ya kuvutia gari. Hakumcheka. Alitazama tundu lile, akasema, "Oili nzito hufunga mdomo, ndugu yangu. Haiponyi kidonda." Madereva waliosimama pale ndio waliousambaza msemo huo.

Laudeni akafungiwa injini nyingine, ya mtumba, nzuri, haigongi. Jioni akaenda nayo nyumbani. Mama alikuwa ameketi barazani. Hakusimama. Gari likazimwa, mlango ukafunguka, naye akageuza uso kuelekea kule.

"Kamwene, mgeni," akasema. "Karibu. Mwenyeji bado hajarudi."

Oili nzito hufunga mdomo, haiponyi kidonda. Haya, hesabuni wenyewe. Iliyokuwa imekufa ni beringi moja, upana wake vidole viwili. Iliondoka na konrodi. Ikaondoka na krenki. Ikaondoka na bloku. Na katika nyumba ile, maji ya kuoga hayakuwekwa tena motoni.