Simba Alivyohamia Uani kwa Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba za kupigiwa hodi, Bi Sikitu Pimbi aliishi na watoto wake majabalini. Uani kwake kulijaa magugu yenye maua madogo ya buluu. Watoto walicheza chini yake, na tai hakuwaona.

Siku moja Simba akaingia bila hata hodi, Fisi nyuma yake.

"Hapa pazuri. Kuanzia leo ni kwangu. Hama!"

"Hama upesi!" Fisi akadakia.

Bi Sikitu alipandwa na hasira. Haya ni mambo gani? Mtu ana mbuga nzima, bado anakitolea macho kiuwanja cha mama mwenye watoto!

"Na wanangu je, bwana? Tai atawamaliza!"

"Shauri yako!"

Bi Sikitu akayatazama magugu. Maua mengi yalikwisha kupukutika, yakaacha mbegu zenye vindoano. Akaimeza hasira yake, akapiga goti.

"Haya, baba, karibu kwako. Lakini mila si unaijua? Anayehamia hugaagaa ua mzima, harufu yake ishike. Asipogaagaa, nyumba si yake. Sisi pimbi hugaagaa kidogo tu, maana tu wadogo."

"Mimi mkubwa!" Simba akanguruma, akajitupa chini puu! Akagaagaa mgongo, ubavu, kichwa, kwa kiburi chake chote.

Aliposimama, lo! Manyoya ya shingoni yameshikamana, mkia umeganda pajani, jicho moja halifunguki.

"Nini hiki? Fisi, nitoe!"

Fisi akavuta mbegu moja, nywele zikatoka nayo. "Yalaa!" Simba akamzaba kofi, Fisi akatoka mbio.

"Bi Sikitu, mama, nisaidie wewe!"

"Nyumba ya nani?"

"Yako! Yako na wanao!"

"Sikusikii. Panda mwambani, uwatangazie wote."

Simba akapanda, akatangaza, mbuga nzima ikasikia. Ndipo Bi Sikitu akaanza kazi kwa meno. Kacha! Kacha! Kacha! Alipomaliza, Simba alibaki shingo tupu.

"Manyoya yangu!"

"Uliomba nizitoe mbegu, baba. Zimetoka."

Simba akarudi kwake amejiinamia. Mkewe akachungulia mlangoni.

"Jike la wapi wewe? Mume wangu hayupo, rudi kesho!"

Wanangu, ukimnyang'anya mnyonge pa kulala, usimwombe akuchane nywele.