Ukurasa Uliochelewa Kufunguka

Akina mama, nisogeleeni kidogo, na anayenyonyesha anyonyeshe huku anasikiliza, maana nina mfano na watoto wetu hawatatupa nafasi ndefu.

Alikuwapo mke mmoja kijana, mumewe kaenda kujenga barabara huko porini ambako simu hazishiki. Kamwacha na mimba ya mwezi wa nane. Na katika ukoo wa huyo mume, mtoto hapewi jina na mtu yeyote ila baba yake. Kabla baba hajasema, mtoto anaitwa Mgeni tu: Mgeni kalala, Mgeni kanyonya. Sasa baba yuko mbali, jina litafikaje? Walishapanga. Kambini kulikuwa na kompyuta moja yenye intaneti ya kubabaisha, iliyowekwa kwa ripoti za kazi, na kila Jumapili wafanyakazi waliruhusiwa kuikalia kwa zamu, dakika kumi kumi. Mambo ya kuchati yalikuwa yamefungwa, lakini tovuti ya ushirika wa kanisa lao ilikubaliwa.

"Basi tuwekee ukurasa wetu humo," mume alimwambia siku ya kuondoka. "Mtoto akizaliwa, niwekee habari. Na chini acha kisanduku, niandike jina."

Akazaliwa wa kike, mdogo mdogo, kifua chake hakitaki baridi hata kidogo. Na mama yake, ambaye kompyuta aliisoma sekondari akaipenda, akaketi na simu yake kutengeneza ukurasa. Mnamjua mwanamke aliyemkumbuka mumewe akipata cha kufanya kwa mikono? Akaweka picha ya mtoto kalala, akaweka ya mtoto kaamka, ya nyayo, ya kiganja kimeshika kidole cha bibi, ya migomba nyuma ya nyumba ili mume apakumbuke nyumbani, zote nzima nzima kama zilivyotoka kwenye simu ya mdogo wake, kila moja nzito kama gunia la viazi. Akaweka kwaya inayoanza kuimba yenyewe. Akaweka maua yanayodondoka. Halafu, mume asije akaona vitu nusu nusu, akatanda pazia mbele ya yote, pazia la mioyo myekundu inayozunguka, lisilofunguka mpaka kila kilicho nyuma yake kiwe kimefika.

Akaujaribu kwenye simu hiyo hiyo. Pap! Ukafunguka. Akacheka peke yake kama mtu aliyetekenywa.

Jumapili ikaja, kisanduku kitupu. Ikaja nyingine, kitupu. Akawa akiamka anashika simu kabla hajamshika mtoto, na ukurasa unafunguka pap, kwaya hiyo, maua hayo, na chini hakuna kitu. Akajiambia, ukurasa ni mzima. Basi ni yeye. Kanisahau. Akalitoa koti la mume sandukuni, akanusa kola, ikanukia lami na sabuni ya kufulia, akalivaa, akamfunika nalo na mtoto, wakakaa hivyo wawili ndani ya koti la mtu mmoja, na nje mvua haikatiki.

Mama mkwe wake akaingia, akasikiliza kifua cha mtoto.

"Mgeni anakohoa tena," akasema. "Mchungaji anabatiza mwisho wa mwezi. Mpe jina lolote, mwanangu. Mtoto asije aka..."

"Mama, usimalizie!"

"Sijasema kitu."

"Ulitaka kusema. Jina lake analo baba yake, nitalingoja."

"Utalingoja mpaka lini, na mtu mwenyewe hata salamu haleti?"

Akageukia ukutani, akamkaza mtoto kifuani, akawa anahesabu anavyopumua.

Mvua zilipopungua na njia kupitika, akaja mwanamume mmoja anachechemea, mguu umefungwa bandeji. Alikuwa mfanyakazi mwenza wa mumewe, anarudishwa kwao kutibiwa. Hakutaka kuketi. Alisimama mlangoni anazungusha kofia mikononi.

"Shemeji, nimetumwa niulize neno moja, na ninaogopa kuliuliza."

"Uliza tu."

"Mtoto... alifika salama?"

Mama yule akamtazama kama asiyeelewa lugha. "Si nimeweka picha! Si kila Jumapili anaziona!"

"Picha gani, shemeji? Mwenzio anaona mioyo inazunguka. Inazunguka mpaka dakika zake zinaisha, anayefuata anamgonga bega, anainuka. Mwanzoni tulimtania, tukamwita Bwana Mapenzi, tukamwambia kompyuta imemtongoza. Alikuwa anacheka. Siku hizi hacheki. Anasema, mke wangu asingezungusha hivi kama angekuwa na habari njema."

Jamani. Mama yule hakusubiri hata mjumbe anywe maji. Alikimbia kwa jirani, akaazima simu ambayo haijawahi kuufungua ukurasa ule. Mioyo ikaanza kuzunguka. Jirani akainjika chai, ikachemka, ikanywewa, mioyo inazunguka. Hapo ndipo alipoelewa. Simu yake mwenyewe iliyahifadhi yale mapicha tangu siku ya kwanza. Siku zote hizo ilikuwa inamwonyesha vitu vilivyokwisha kuwa ndani yake, na yeye anadhani anapita njia anayopita mumewe.

Akarudi nyumbani, akaanza kupunguza. Pazia, toa. Maua, toa. Kwaya, toa. Picha akazitoa moja moja, na kila moja ilimuuma kama kumpokonya mtoto nguo, ile ya nyayo aliishika sana, akaitoa. Akabakiza moja ya uso, nayo akaipunguza upana na uzito mpaka ikawa nyepesi kama unyoya. Akajaribu tena kwa simu ya jirani mwingine, ya kizee kabisa. Ikafunguka.

Kisha akautazama ule ukurasa uliobaki mweupe, akashika mdomo. Maana aliona kimekosekana kitu ambacho hata pazia lingefunguka kisingekuwapo. Katika mapambo yote yale, hakuwa ameandika neno. Hata moja! Hakuna mahali paliposema mtoto ni nani, wala kama mama mwenyewe alisalimika.

Akaandika, akayaweka juu kabisa, juu ya picha, ili maneno yatangulie kufika: "Ni wa kike. Tuko hai wote wawili. Tunakungoja."

Jumapili ile, alasiri, kisanduku kikapata maneno: "Atupele. Mwiteni Atupele. Nimekaa na hayo maneno dakika zangu zote." Ndiyo kusema, kwa lugha ya kwao, Mungu ametupatia.

Sasa sisi, akina mama, sisi tunaowapenda watu kwa nguvu mpaka tunatetemeka, hivi wanapata nini kutoka kwetu? Mume amekaa mezani anangoja neno, tunapanga kwanza vyombo. Mtoto amesimama mlangoni na swali lake, tunamwambia subiri nimalize. Dada tuliyegombana naye, tunangoja tupate maneno mazuri, na zawadi, na kitenge kipya cha kwendea kwake. Hata Mungu tunamwekea pazia: nitasali nikitulia, nitasali nyumba ikiwa safi. Anakuita wewe, hajaita nyumba!

Na upendo wetu tunaupima wapi? Kwenye simu zetu wenyewe, ambamo umejaa tayari. Kwetu unafunguka pap, halafu tunanung'unika mbona hawaitiki, mbona hawajali, kumbe mtu wa watu amekaa upande wa pili, anatazama kitu kinazunguka, na muda wake unaisha, na kwa kuwa hajaambiwa lolote anaogopa lililo baya kuliko yote.

Yupo mmoja anayekaa hivyo kwa ajili yako leo. Umeshamjua, usoni mwako naona umemjua. Usiende kumpambia. Mtangulizie lile neno moja, mwambie upo na unamngoja, hayo mengine yatamkuta ameshaketi.